Kuchaji gari la umeme ugenini: soketi ya ukutani inalipa wapi, inaunguza wapi

WAFANYABIASHARA wanaovuka mipaka kwa magari ya umeme wanauliza swali moja kabla ya safari: je, soketi ya kawaida ya ukutani, ile ya pasi na birika, inaweza kulijaza gari, na kwa bei gani? Jibu fupi ni kuwa inafaa kwa gari linalolala, haifai kwa gari linalopita. Jibu refu lina hesabu ndani yake, na hesabu yenyewe hubadilika kila mpaka unapovukwa, kwa kuwa plagi hubadilika, ampea hubadilika na bei ya uniti hubadilika.

Mfano mzuri ni safari ya mfanyabiashara wa vipuri anayeishi London na kwenda kwenye maonyesho ya Automechanika mjini Frankfurt, yanayofanyika kila baada ya miaka miwili. Mwaka 2024 yalikuwa Septemba 10 hadi 14. Wiki ya maonyesho bei za hoteli za Frankfurt hupaa, na wengi hukimbilia vyumba vya watu binafsi na nyumba ndogo za wageni nje ya mji. Huko mitambo ya kuchajia ni adimu, lakini soketi ipo kila ukuta.

HESABU YA USIKU MMOJA

Umeme wa nyumbani Ulaya ni volti 230. Volti zikizidishwa kwa ampea zinatoa wati. Soketi inayotoa ampea 10 basi inatoa wati 2,300, yaani kilowati 2.3, na ikiachwa saa nzima imekula uniti 2.3. Uniti hiyo ni ile ile inayosomwa na mita ya LUKU nyumbani. Gari likiunganishwa saa mbili usiku na kuchomolewa saa kumi na mbili asubuhi limekaa saa 10, na mita ya mwenye nyumba imesogea uniti 23.

Si zote zinaingia kwenye betri. Gari linapochajiwa haliko usingizini: kompyuta zake ziko macho, pampu ya maji ya kupoozea inafanya kazi, na chaja iliyomo ndani ya gari inapoteza kiasi kama joto. Kwa magari mengi mzigo huo ni wati 200 hadi 300 muda wote. Kwa makadirio ya wati 300, katika uniti 23 zilizotoka ukutani, 20 ndizo zinazofika. Gari la wastani linalokula uniti 18 kwa kilomita 100 litapata kilomita 110 hivi. Likikimbizwa kwenye barabara kuu za Ujerumani litapata pungufu.

Sasa soketi ikiruhusu ampea 8 tu, ukuta utatoa uniti 18.4 kwa usiku huo huo, na betri itapata kama 15.4, sawa na kilomita 85. Kwa ampea 6, ambazo ndizo za chini kabisa ambazo gari hukubali, ukuta utatoa 13.8 na betri itapata chini kidogo ya 11, kilomita 60. Msomaji ataona kuwa hasara haipungui pamoja na ampea. Mzigo wa wati 300 hauna habari na soketi. Kwa ampea 10 unachukua asilimia 13 ya umeme wote, kwa ampea 6 unachukua karibu asilimia 22. Anayechaji polepole analipia uniti nyingi zaidi kwa kila kilomita, na wengi hawalijui hili hadi wanapolinganisha mita ya nyumba na kioo cha gari.

Marekani hali ni ngumu zaidi. Soketi ya kawaida huko ni volti 120, na soketi ya ampea 15 haitakiwi kubeba zaidi ya 12 kwa mzigo wa muda mrefu. Hiyo ni kilowati 1.44 tu.

KISANDUKU KILICHO KATIKATI YA WAYA

Waya wa kuchajia kwenye soketi ya nyumbani si waya mtupu. Upande mmoja una plagi ya ukutani, upande wa pili una kichwa kinachoingia kwenye gari, na katikati kuna kisanduku. Wapo wanaodhani kisanduku hicho ndicho chaja. Sivyo. Chaja imo ndani ya gari, na kisanduku ni mlinzi na mjumbe tu.

Kama mlinzi, hupima kama waya wa ethi upo na kama umeme unavuja, na likitokea lolote kati ya hayo hukata. Kama mjumbe, hulipelekea gari ishara ya kulieleza kiasi cha juu cha ampea linachoruhusiwa kuvuta. Gari hutii. Lakini lenyewe haliuoni ukuta, halijui waya wa ndani ya ukuta ni mnene au mwembamba, ni wa mwaka jana au wa miaka 50 iliyopita. Linachojua ni lile lililosemwa na kisanduku, na kisanduku nacho kinasema kile alichokipangia mtengenezaji kulingana na plagi aliyoifunga.

Hapo ndipo adapta ya dukani inapoharibu mambo. Waya wenye plagi ya Uingereza umepangwa kwa soketi ya Uingereza. Ukichomekwa kwenye adapta ya uwanja wa ndege, kisha adapta ikachomekwa kwenye ukuta wa Uswisi, kisanduku bado kinaamini kiko London. Kitaliambia gari livute ampea 10 kutoka kwenye ukuta usiostahili kutoa zaidi ya 8. Zaidi ya hapo, adapta nyingi za wasafiri zimetengenezwa kwa chaja ya simu na mashine ya kunyolea. Nyingine hazina hata njia ya ethi. Hizo zisizo na ethi ni heri, kwa kuwa kisanduku kitakataa na gari halitachaji. Ya hatari ni ile yenye ethi na vyuma vyembamba, kwa kuwa itakubali.

Birika la maji la kilowati 3 huvuta ampea 13, tena bila matatizo, na wenye nyumba husema hivyo wanapoulizwa. Lakini birika huchemka kwa dakika tatu nne na kuzimika. Gari huvuta saa 10 bila kupumua. Joto kwenye kiungo kilicholegea huongezeka kwa mraba wa ampea: ampea zikiongezeka mara mbili joto huwa mara nne. Soketi iliyolegea ambayo haijawahi kusumbua kwa pasi inaweza kubadilika rangi usiku mmoja. Ndiyo maana nyaya nyingi za kisasa zina kipima joto ndani ya plagi na hujipunguza zenyewe. Za bei ya chini hazina, na asiye nacho hana budi kutumia mkono: baada ya nusu saa ya kwanza iguse plagi. Ikiwa ya uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa haishikiki, chomoa.

Ekstensheni nayo ni ya kuogopwa. Ile ya kuzungushwa kwenye gurudumu ikitumika bila kukunjuliwa yote hujipika yenyewe, kwa kuwa joto la mizunguko ya ndani halina pa kutokea. Kama lazima itumike, ikunjuliwe yote, iwe na waya wa milimita mraba 2.5, na ampea zishushwe.

KUTOKA LONDON HADI MILANO

Uingereza ndiyo nyumbani kwa plagi ambayo wasomaji wa Afrika Mashariki wanaijua: pini tatu za mraba, ampea 13, na fyuzi ndani yake. Nyaya za kuchajia za huko huishia ampea 10 kwa makusudi, ili fyuzi isikae ukingoni usiku kucha.

Ng'ambo ya pili ya mlango bahari, dakika 35 kwa treni kutoka Folkestone hadi Calais, soketi ni ya Ufaransa, ambayo ndiyo ya Ubelgiji pia: matundu mawili ya mviringo na pini ya ethi inayotokeza kutoka ukutani. Ufaransa huwa na tahadhari kuliko majirani. Nyaya zinazouzwa kwa soko la huko hukomea ampea 8 kwenye soketi ya kawaida. Kampuni ya Legrand huuza soketi iliyoimarishwa, Green'Up, ambayo pamoja na waya wake huruhusu ampea 14, yaani kilowati 3.2. Nyumba ya wageni yenye soketi hiyo inatoa zaidi ya mara moja na nusu ya jirani yake, na inafaa kuuliza kabla ya kulipia chumba.

Ujerumani hutumia soketi ya Schuko, iliyozama ukutani, yenye vibao vya ethi pembeni. Imepigwa chapa ya ampea 16, na hapo wageni wengi hujidanganya. Chapa hiyo si ahadi ya kubeba mzigo huo usiku mzima, na nyaya nyingi za watengenezaji wa magari hukomea 10. Habari njema ni kuwa plagi nyingi za Bara zina vibao vya pembeni pamoja na tundu la pini, hivyo plagi moja inaingia Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani na kupata ethi kote.

Anayekwenda kaskazini ajue mtego wa Denmark. Plagi ya Schuko inaingia vizuri kabisa kwenye soketi ya zamani ya Kidenishi, lakini ethi haiguswi. Taa nyekundu ikiwaka kwenye kisanduku mgeni hudhani waya umekufa. Haujafa, unafanya kazi yake. Norway nako nyumba nyingi zimeunganishwa kwa mtindo ambao waya zote mbili zina umeme na hakuna wa sifuri, na baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa mitandao ya nchi nyingine yamekataa kuchaji huko. Si jambo dogo katika nchi ambayo mwaka 2024 asilimia 88.9 ya magari mapya ya abiria yalikuwa ya umeme.

Uswisi ni kisiwa. Soketi yake ya pini tatu nyembamba ni ya ampea 10 na haipokei Schuko. Kwa kuchaji kwa muda mrefu kiwango kinachoshauriwa ni ampea 8. Anayetoka Frankfurt kwenda Milano kupitia Basel na kulala Uswisi bila plagi ya huko atalazimika kununua umeme wa barabarani kwa bei ya barabarani.

Italia ina tatizo la aina yake, nalo haliko kwenye soketi. Nyumba nyingi zina mkataba wa kilowati 3 kwa nyumba nzima, na mita huvumilia hadi 3.3 kwa mfululizo. Gari likivuta 2.3, imebaki kilowati moja kwa jiko, pasi, mashine ya kufulia na kiyoyozi. Mwenye nyumba akiwasha mashine ya kufua usiku, mita hukata. Swichi ya kuirudisha mara nyingi iko chini ya jengo, kwenye kabati la mita za wapangaji wote. Mgeni mstaarabu hushusha ampea hadi 6 na kuanza kuchaji baada ya wenyeji kulala. Soketi zenyewe zina pini tatu kwenye mstari, za vipimo viwili, cha ampea 10 na cha 16. Nyumba nyingi zina soketi mchanganyiko zinazopokea Schuko, ila ni lazima kuuliza.

BEI: AKIBA IPO, LAKINI SI KUBWA KAMA INAVYOSEMWA

Hapa ndipo mfanyabiashara anapopaswa kukaa na kalamu. Uingereza, kati ya Julai na Septemba 2025, bei ya kikomo ya umeme wa nyumbani ilikuwa wastani wa peni 25.73 kwa uniti. Usiku wa uniti 23 uligharimu pauni 5.92. Uniti 20 zilizofika kwenye betri, kama zingenunuliwa kwenye mtambo wa haraka wa barabarani kwa peni 75, zingegharimu pauni 15. Akiba ni pauni 9 kwa usiku.

Ufaransa tarifa ya serikali kwa mteja mdogo ilikuwa senti 25.16 za euro Februari 2024, ikashuka hadi 20.16 Februari 2025. Kwa bei hiyo ya pili, usiku wa ampea 8 ni euro 3.71.

Ujerumani umeme wa nyumbani ni ghali. Mwaka 2024 ulikuwa karibu senti 40. Usiku wa ampea 10 ni euro 9.20. Umeme huo huo barabarani kwa senti 70 ni euro 14. Akiba ni chini ya euro 5. Kwa pesa hizo hakuna sababu ya kugombana na mwenye nyumba wala kuamka usiku kupapasa plagi.

Msafiri wa Frankfurt hata hivyo ana faida nyingine ambayo haionekani kwenye usiku mmoja. Maonyesho huchukua siku tano. Akiliacha gari kwenye soketi kwa saa 60 huku akienda mjini kwa treni, ampea 10 zitatoa uniti 138, na betri ya kawaida ya uniti 60 itajaa kabla nusu ya muda huo haijapita sana. Anaondoka na gari limejaa bila kupoteza hata saa moja kwenye foleni ya mtambo. Kwa mtu mwenye mzigo wa kuwahi, saa hiyo ina thamani kuliko euro tano.

Swali linalofuata ni la kununua waya. Waya rahisi wenye plagi ya nchi moja huuzwa kwa kawaida pauni 150 hadi 300. Ule wa kitaalamu wenye plagi za kubadilisha, ambao hutambua plagi iliyofungwa na kujipangia ampea zake wenyewe, huanzia kama euro 700 na kupita 1,000. Huo ndio unaoondoa uongo wa adapta ulioelezwa hapo juu, na kwa usalama hauna mpinzani. Lakini kwa akiba ya euro 5 kwa usiku, waya wa euro 900 unahitaji usiku 180 wa Ujerumani kurudisha fedha yake. Anayesafiri mara mbili kwa mwaka hataziona. Kwake ni afadhali waya wa pili wa bei rahisi wenye plagi ya Bara, halafu Uswisi apite bila kulala.

Wenye kupata faida na waya ghali ni wale wanaolala kwenye viwanja vya kambi. Huko kuna soketi ya buluu ya pini tatu nene, iliyoundwa kwa mzigo mzito wa muda mrefu: ampea 16, kilowati 3.7. Ni kama uniti 37 kwa saa 10, na plagi haipati joto la kutisha. Tahadhari ni kuwa soketi ya buluu si ushahidi wa ampea 16. Viwanja vingi vya Ufaransa huuza nafasi yenye ampea 6 au 10 nyuma ya soketi hiyo hiyo, na swichi huanguka mara gari linapoanza. Ampea hizo huandikwa kwenye orodha ya bei ya uwanja.

RUHUSA KWANZA

Jambo moja ambalo wageni hulichukulia kimchezo ni kuomba ruhusa. Kuchomeka gari kwenye soketi ya ukumbi wa hoteli au gereji ya jengo bila idhini ni kosa la jinai katika nchi kadhaa. Uingereza kosa hilo liko kwenye kifungu cha 13 cha Sheria ya Wizi ya 1968, na adhabu yake ya juu ni kifungo cha miaka mitano. Ujerumani lina kifungu chake chenyewe, na chanzo chake ni cha kuchekesha kidogo: mwaka 1899 mahakama kuu ya huko iliamua kuwa umeme si kitu, hivyo hauwezi kuibiwa. Serikali ikatunga sheria maalumu mwaka uliofuata.

Ruhusa ina faida nyingine. Soketi ikiungua, aliyeruhusiwa na kueleza ataunganisha nini ana pa kusimama mbele ya bima. Aliyejichomekea hana. Ni vyema makubaliano yawe ya maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu tu, pamoja na picha ya mita kabla na baada.

HESABU HIYO HIYO AFRIKA MASHARIKI

Kwa wasomaji wa Kenya, Uganda na Tanzania plagi si tatizo la kuvuka mpaka, kwa kuwa nchi zote tatu zinatumia pini tatu za mraba. Dubai na Muscat pia. Tatizo limo kwenye gari lenyewe na waya uliokuja nalo.

Nissan Leaf zilizotumika zinazoletwa kutoka Japan huja na waya wa Kijapani wa volti 200 na ampea 15, wenye plagi ambayo hakuna ukuta wa Nairobi wala Dar es Salaam unaoipokea. Mafundi huikata na kufunga plagi ya pini tatu. Kazi hiyo ina makosa mawili yanayowezekana. Kwanza, lebo ya kisanduku inasema volti 200 na ukuta wa hapa unatoa 230 hadi 240; kuunganisha bila fundi wa umeme kuthibitisha kuwa kisanduku hicho kinahimili ni kubahatisha. Pili, kisanduku bado kinaliambia gari livute ampea 15, na plagi mpya ni ya 13. Fyuzi haitakatika upesi. Itapata joto, na plagi itaanza kulainika. Anayenunua Leaf bandarini afadhali atenge fedha ya waya mwingine wa ampea 10 wenye kichwa cha gari lake, kuliko kulipia ukataji wa plagi.

Magari mapya kutoka China yaliyotengenezwa kwa soko la huko yana kichwa cha Kichina, ambacho si cha Ulaya wala cha Japan, na plagi ya ukutani yenye pini bapa zilizoinama. Waya wa kuazima kwa rafiki mwenye gari la Ulaya hautaingia. Anayekwenda nalo safari bila waya wake mwenyewe amekwama.

Rwanda ndiko adapta inakohitajika. Soketi za Kigali ni za matundu ya mviringo, na dereva anayetoka Kampala na plagi yake ya mraba atakutana na ukuta asioujua mwisho wa safari ya kilomita 500 na zaidi, baada ya kulala njiani, pengine Mbarara. Burundi na Kongo hali ni hiyo hiyo. Waya wa pili wenye plagi ya Bara la Ulaya unafanya kazi Kigali kama unavyofanya Brussels, mradi ukuta uwe na ethi. Katika nyumba za zamani za ukanda wote huu, ethi ndiyo ya kwanza kukosekana. Fundi mwenye kipimio humaliza shaka hiyo kwa dakika moja.

Arusha hadi Nairobi kupitia Namanga ni kama kilomita 270. Kwa gari linalokula uniti 18 kwa kilomita 100 hiyo ni karibu uniti 49. Ampea 10 zitahitaji zaidi ya saa 24 kuzirudisha, na mita itasoma kama 56. Mfanyabiashara anayekwenda Ijumaa na kurudi Jumapili anaweza. Anayekwenda na kurudi kesho yake hawezi bila mtambo wa haraka.

Wawekezaji wadogo wenye nyumba za wageni wana sababu ya kuitazama hesabu hii kwa upande wa pili. Kwa bei zilizopangwa Tanzania mwaka 2016, mteja wa T1 hulipa sh. 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Gari moja, usiku mmoja, uniti 23, ni sh. 6,716. Nyumba ya wageni inayotoza chumba sh. 30,000 na kumwachia mgeni achaji bure imempa punguzo la zaidi ya asilimia 22 bila kujua. Mwenye nyumba aliye kwenye daraja la D1 ana mtihani mkubwa zaidi: bei yake ya sh. 100 ni kwa uniti 75 za kwanza za mwezi tu, na zinazozidi ni sh. 350. Magari matatu kwa usiku mmoja mmoja yanamaliza uniti 69. Taa, friji na televisheni za mwezi mzima zinabaki kununuliwa kwa bei ya juu.

Kenya iliweka Aprili 2023 tarifa maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme, sh. 16 za Kenya kwa uniti na sh. 8 kwa saa zenye mzigo mdogo, kabla ya tozo. Tarifa hiyo inahitaji mita yake. Soketi ya chumba cha wageni haiipati. Kwa mwenye eneo la kuegesha magari kumi karibu na mpaka, mita hiyo pamoja na soketi tatu nne za buluu za ampea 16 ni mtaji mdogo ukilinganisha na mtambo wa haraka. Wageni wake watakuwa wale wanaofika jioni wakiwa wamechoka na kuondoka alfajiri. Bei inayoeleweka kwao ni ya uniti, ikisomwa kwenye mita ndogo mbele ya macho yao. Bei ya jumla ya usiku humpendelea mwenye betri kubwa, na huyo mara nyingi ndiye mwenye uwezo.